Likizo Isiyokuwa na Mapumziko

Hakuna askari asiyeijua furaha ya siku ya kwanza ya likizo. Silaha imekwisha kukabidhiwa ghalani, hati ya safari imetiwa sahihi, na mkononi kuna kifurushi cha zawadi kwa mama na watoto. Tangu anapolipita lango la kambi, mwenye likizo huwa mtu wa kupumzika. Hulala hata jua likapanda, hutembelea jamaa, hutengeneza paa la nyumba, na mazungumzo ya kazi huyaacha kambini alikoyatoa.

Lakini iko likizo ya namna nyingine, ambayo mwenye nayo hufanya kazi ngumu kuliko ile aliyoiacha. Ni likizo ya mmisionari anayerudi kwao baada ya miaka mingi ugenini, naye anajua kwamba hawezi kurudi tena kazini pasipo watu wa nyumbani kumchangia nauli, chakula, dawa na vyombo. Neno la Kiingereza walilolitumia kwa kipindi hicho waliliazima kutoka jeshini. Ni lile lile linaloandikwa katika hati ya likizo ya askari. Walichukua jina, ila mapumziko hawakuyachukua.

Katika makala haya tumekusudia kumsimulia msomaji habari ya likizo moja ya aina hiyo, nayo ni ile ya Daktari David Livingstone, iliyodumu miezi 15, tangu Desemba 1856 hadi Machi 1858. Hatuisimulii kwa ajili ya dini yake, kwa maana wasomaji wetu ni wa dini mbalimbali. Twaisimulia kwa kuwa ndani yake mna funzo linalomhusu kila mtu aliyevaa sare, ambaye kazi yake humlazimisha kurudi na taarifa mbele ya wengine.

WAPI FEDHA ZILITOKA

Yafaa kwanza tueleze jinsi mambo yalivyokuwa. Chama cha Kimisionari cha London, kilichoanzishwa mwaka 1795, hakikuwa na kodi wala hazina ya serikali. Kilitegemea michango ya waumini: tajiri alitoa pauni, mjane akatoa senti, na watoto wa shule za Jumapili wakatoa walichopewa na wazazi wao. Watu hao hawakupata kuiona Afrika. Walichokijua ni kile walichoambiwa na mmisionari aliyesimama mbele yao. Kwa hiyo kila aliyerudi likizo alipangiwa safari za mji hata mji, ukumbi hata ukumbi, akisimulia, akijibu maswali, na mwisho kisahani cha mchango kikipitishwa. Hata siku hizi vyama vingi vya namna hiyo havimruhusu mmisionari kurudi ng'ambo mpaka ahadi za wachangiaji zimetosheleza mahitaji yake.

Livingstone mwenyewe alikuwa tunda la likizo ya mtu mwingine. Robert Moffat, mmisionari wa Kuruman katika nchi ya Watswana, alirudi Uingereza mwaka 1839, akakaa hadi mwanzo wa 1843. Katika muda huo alichapisha Agano Jipya la Kitswana, akatunga kitabu, akahutubia mikutano isiyohesabika. Miongoni mwa waliomsikiliza ni kijana wa Kiskoti aliyekuwa akisomea udaktari, ambaye tangu umri wa miaka 10 alikuwa kibarua katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Kijana huyo alitaka kwenda China, lakini Vita vya Kasumba vilimfungia njia. Maneno ya Moffat yakamgeuza uso kuelekea Afrika. Alifika huko mwaka 1841, na mwaka 1845 akamwoa Mary, binti wa Moffat.

MCHANGO WA KWANZA

Wengi husema kwamba safari kubwa ya Livingstone ya kuvuka bara, tangu Luanda katika pwani ya magharibi hadi Quelimane katika pwani ya mashariki, iligharimiwa na Waingereza. Sivyo. Aliyeifanya iwezekane ni Sekeletu, mfalme kijana wa Wakololo, mwenye makao yake Linyanti. Sekeletu alimpa watu 27 wa kwenda naye Luanda mwaka 1853, na aliporudi, akampa wengine 114 wa kwenda naye mashariki, pamoja na ng'ombe na pembe za ndovu. Kwa hiyo mchango wa kwanza haukutoka London, bali ulitoka Linyanti.

Katika safari hiyo ya pili, Novemba 1855, watu wa Sekeletu walimwonyesha Livingstone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Machi 1856 msafara ukafika Tete, kituo cha Wareno juu ya mto Zambezi. Hapo aliwaacha wale Wakololo, zaidi ya mia moja, akawaahidi kwamba atarudi mwenyewe na kuwafikisha kwao, isipokuwa kifo kimzuie. Akashuka mto pamoja na wachache. Sekwebu, mkalimani wake, alipanda naye meli, lakini bahari ilimtia wazimu, na karibu na Mauritius akajitupa majini akafa.

Kwa hiyo Livingstone alipoingia Uingereza Desemba 1856 alikuwa na deni. Nyuma yake, Tete, palikuwa na kikosi kinachomngoja. Pale Quelimane alikuwa amepokea barua ya wakurugenzi wa chama chake, iliyomweleza kwa adabu kwamba uwezo wao wa kusaidia safari zisizohusu sana kazi ya Injili ni mdogo. Nyumbani alimkuta mkewe, aliyekuwa hajamwona kwa zaidi ya miaka minne, akiwa amehangaika na watoto kutoka nyumba hata nyumba kwa uhaba wa fedha. Na baba yake mzee alikuwa amefariki miezi kadhaa kabla.

MIEZI KUMI NA MITANO

Asidhani msomaji kwamba alikuwa msemaji hodari. Miaka 16 ya kusema Kitswana ilimfanya autafute Uingereza wake mdomoni kama atafutaye sindano gizani, na koo lake lilikuwa bovu. Mkono wake wa kushoto uliovunjwa na simba mwaka 1844 haukuinuka vizuri. Lakini huenda udhaifu huo ndio uliowafanya watu wamwamini. Walimwona mtu aliyeungua jua, asemaye kwa shida mambo aliyoyapitia kwa miguu yake.

Kabla Desemba haijaisha, Chama cha Kifalme cha Jiografia na chama chake cha kimisionari vilikuwa vimemfanyia karamu za kumlaki. Kisha akajifungia miezi kadhaa ya 1857 kuandika kitabu, kazi aliyoilalamikia kuwa nzito kuliko kutembea. Kilipotoka Novemba mwaka huo, nakala 12,000 za kwanza zilikuwa zimekwisha kuagizwa, ingawa bei yake ilikuwa gini nzima. Hatimaye ziliuzwa nakala 70,000 hivi.

Alipokuwa akizunguka miji, Livingstone alizungumza na kila kundi kwa lugha ya kundi hilo. Wafanyabiashara wa Manchester aliwaambia habari za pamba: viwanda vyao vilitegemea pamba iliyolimwa na watumwa wa Marekani, na kama pamba italimwa na watu huru katika bonde la Zambezi, biashara ya watumwa itakosa nguvu. Wataalamu aliwapa vipimo vya mahali na urefu wa nchi. Waumini aliwaambia habari za watu wasiofikiwa. Tarehe 4 Desemba 1857, katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliwaita vijana waifuate njia aliyoifungua. Kutokana na mwito huo kikazaliwa Chama cha Kimisionari cha Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati.

Serikali nayo ikavutwa. Livingstone alijiuzulu katika chama chake, akafanywa balozi mdogo wa Quelimane kwa mshahara wa pauni 500 kwa mwaka, na Bunge likatoa pauni 5,000 kwa msafara wa kuupima Zambezi. Februari 1858 alionana na Malkia Victoria. Tarehe 10 Machi 1858 akapanda meli. Ikiwa twapima likizo ya kuchangisha kwa hesabu ya fedha na sifa, hatujui ya mmisionari mwingine iliyoishinda hii katika karne ile.

NILIYOYAONA NA NILIYOYASIKIA

Hapa hatuna budi kusimama. Katika shule ya kadeti tulikuwa na mkufunzi mmoja mkali, ambaye kila ripoti ya upelelezi aliigawa kwa mstari katikati. Upande mmoja yaliandikwa mambo aliyoyaona mpelelezi kwa macho yake, na upande wa pili yale aliyoyasikia au kuyakisia. Siku moja kadeti mwenzetu aliandika kwamba mto fulani unavukika kwa miguu. Mkufunzi akamwuliza kama aliuvuka. Akajibu kwamba mwenyeji alimwambia. Kikosi kizima kiliamriwa kuuvuka pale pale alipopataja, na maji yakatufika shingoni. Hakuna aliyezama, lakini hakuna pia aliyelisahau somo.

Sasa tumtazame Livingstone. Katika mikutano yake aliusifu mto Zambezi kuwa barabara kuu ambayo vyombo vya mvuke vitaipanda hadi katikati ya bara. Mto huo aliufuata sehemu kubwa, na hakuwa mwongo. Ila kabla ya kufika Tete aliuacha mto, akakata njia ya mkato nchi kavu. Sehemu aliyoiruka ni ile ya Kebrabasa, ambayo leo yajulikana kwa jina la bwawa la Cahora Bassa huko Msumbiji. Aliambiwa kwamba kuna maporomoko madogo, naye akayachukua kuwa madogo. Katika majukwaa ya Uingereza mstari wa mkufunzi wetu haukuwapo. Yaliyoonwa na yaliyosikiwa yalitoka kinywa kimoja, yakapigiwa makofi sawasawa.

Novemba 1858 alisimama Kebrabasa mwenyewe. Alikuta mto umebanwa kati ya majabali, maji yakiruka ngazi baada ya ngazi kwa maili nyingi, na chombo cha mvuke alichopewa hakikuwa na njia ya kupanda. Barabara kuu ilikuwa imefungwa kwa mawe tangu dunia iumbwe.

GHARAMA YA MANENO

Lau hasara ingekuwa ya chombo tu, tusingeandika makala haya. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuondoka makwao kwa ajili ya maneno yale. Chama cha London kilipeleka jamaa mbili Linyanti, ya Holloway Helmore na ya Roger Price, kwa tumaini kwamba Livingstone angekuwapo awapokee kwa Sekeletu. Walifika Februari 1860 baada ya kuvuka jangwa kwa magari ya ng'ombe. Linyanti ni nchi ya vinamasi na homa. Livingstone aliugua huko mara nyingi, lakini yeye alikuwa daktari na aliijua dawa ya kwinini. Wao hawakuwa na ujuzi huo. Katika muda wa miezi michache, kati ya Wazungu tisa, wakubwa na watoto, walikufa sita: Helmore na mkewe, watoto wao wawili, mtoto mchanga wa Price, na mama yake aliyefia njiani walipokuwa wakirudi.

Livingstone alizipata habari hizo Agosti 1860. Na alizipata akifanya nini? Akitimiza ahadi. Alikuwa akiwarudisha kwao Wakololo aliowaacha Tete. Aliporudi Tete Septemba 1858, walimlaki kwa shangwe, ingawa wengi wao walikuwa wamekufa kwa ndui, na wengine waliuawa. Akatembea nao mamia ya maili hadi kwa Sekeletu, kama alivyosema. Katika safari hiyo hiyo iliyolipa deni moja, akakuta makaburi ya deni lingine. Alipofika Linyanti alilikuta gari lake alilokuwa ameliacha huko tangu 1853, limetunzwa vizuri, pamoja na sanduku la dawa. Wenzake walikuwa wamekufa hatua chache kutoka kwenye dawa hizo, pasipo kujua.

Wale vijana wa Cambridge nao walifika. Kiongozi wao, Askofu Charles Mackenzie, alijenga Magomero, katika nchi ya Malawi ya leo, mwaka 1861. Akiwa njiani kukutana na Livingstone, mtumbwi ulipinduka, dawa zikazama, na tarehe 31 Januari 1862 akafa kwa homa. Mwenzake Burrup akafuata baada ya wiki chache. Dada wa askofu na mke wa Burrup walikuwa ndiyo kwanza wanafika mtoni, wakapashwa habari ya msiba. Katika meli iliyowaleta alikuwamo pia Mary Livingstone. Yeye naye alikufa Shupanga tarehe 27 Aprili 1862.

Lipo na kaburi moja la askari. Robert, mwana wa kwanza wa Livingstone, aliyeachwa Uskoti pamoja na nduguze baba yao alipoondoka mwaka 1858, alikua bila malezi ya baba. Alitangatanga hadi Marekani, akaandikishwa katika jeshi la Kaskazini kwa jina la kubuni, akatekwa vitani, na Desemba 1864 akafa katika kambi ya mateka ya Salisbury, North Carolina. Alikuwa hajatimiza miaka 19. Katika hesabu za michango ya 1857 gharama hii haikuandikwa.

TUSIMDHULUMU

Haki yataka tuseme upande wa pili pia. Chama kilichozaliwa Cambridge hakikufa pamoja na Mackenzie. Askofu Tozer alikihamishia Unguja mwaka 1864, akiwa na Edward Steere. Steere aliketi na wenyeji wa Unguja, akajifunza lugha yao, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia Kiswahili kilichotumiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuufunga mnada wa watumwa wa Unguja, na balozi wa Uingereza aliyeshughulikia mkataba huo ni John Kirk, aliyekuwa daktari wa msafara wa Zambezi. Mahali pa soko lile, Mkunazini, likajengwa kanisa kuu. Kwa hiyo makofi ya Cambridge yalizaa matunda, ila yalizaa mahali ambapo mhutubu hakupataja, na baada ya watu wengine kulipa.

Lakini imani ya wachangiaji ni kama sanduku la risasi, kila iliyotumika imepungua. Serikali iliurudisha msafara wa Zambezi mwaka 1863. Livingstone aliporudi likizo ya pili, mwaka 1864 na 1865, aliikuta nchi ni ile ile na watu si wale. Serikali ilimpa pauni 500, Chama cha Jiografia pauni 500, na rafiki yake wa tangu ujana, James Young, akamtolea pauni 1,000 mfukoni mwake. Ubalozi alipewa bila mshahara. Akaenda na msafara mdogo, hakurudi tena. Mwaka 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, na Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili wake hadi Bagamoyo.

KWETU SISI

Ndugu askari na polisi, hakuna miongoni mwetu anayetumwa Cambridge kuhutubia. Lakini kila siku yupo anayerudi na taarifa ambayo wengine wataitegemea. Koplo wa doria akisema daraja ni zima, dereva wa lori atapita juu yake usiku. Konstebo akiandika katika kitabu cha matukio kwamba alimwona mtu, kumbe aliambiwa tu, mtu huyo aweza kulala mahabusu. Ofisa akitaka kikosi chake kipewe magari, akatia chumvi katika maelezo ya kazi iliyofanyika, magari yatakuja, na yatapelekwa mahali pasipopitika.

Sisi tulio katika kazi ya uhusiano wa jeshi na wananchi tumo hatarini zaidi, maana kazi yetu ni kusimama mbele ya watu na kuomba imani yao. Ni rahisi ukumbi unaposhangilia kuongeza neno moja zuri. Tangu tuliposoma habari za Kebrabasa tumejiwekea desturi: kila hotuba tunayoiandika twaipiga mstari katikati, kama alivyofanya mkufunzi wetu, na lile lililo upande wa kusikia twalisema kwa jina lake, kwamba tumelisikia. Mara nyingine hotuba hutoka fupi. Hatujapata kumwona msikilizaji aliyelalamika kwa hilo.

Na wewe unayejiandaa kwenda likizo, nenda ukapumzike, maana wajibu wako hukuruhusu. Wazee wakikuuliza habari za huko utokako, waambie uliyoyaona. Na kama kuna mwenzako uliyemwahidi kwamba utarudi kumpokea lindo siku fulani, ukumbuke kwamba Wakololo walingoja Tete zaidi ya miaka miwili, na aliyewaahidi alirudi.